Uji wa Pilipilimanga na Chumba cha Baridi

Mimi nilikuwa mwanamke mnene, na sikuwahi kuuonea haya unene wangu. Kwetu Mombasa mwanamke akijaa, watu husema mumewe anamtunza. Mimi hata baada ya kuachika niliendelea kujaa, basi wakasema najitunza mwenyewe, na walisema kweli. Kwa hivyo siku ile daktari wa figo, msichana mdogo mwenye miwani ambaye ningeweza kumzaa, aliponitazama juu mpaka chini na kuniambia mwili wangu haufai, nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaniwaka.

"Mama, hatuwezi kuchukua figo yako ukiwa hivi," alisema. "Uzito umezidi, na sukari yako imesimama mpakani. Nikikutoa figo moja leo, kesho iliyobaki itakushinda."

Nilimwambia figo ni yangu na ruhusa nimetoa. Akaniambia ruhusa pekee haitoshi. Akanipa miezi sita.

Figo yenyewe ilikuwa ya kumpa ndugu yangu, kitinda mimba wetu. Presha ilikuwa imemla figo zote mbili kimyakimya, na alipojua tayari amevimba miguu na uso. Mara mbili kwa wiki alilala saa nne nzima akisafishwa damu kwa mashine. Siku nyingine alikaa barazani pa nyumba yetu ya Mji wa Kale, mwanamume wa miaka arubaini, akipimiwa maji ya kunywa kwa kikombe cha kahawa. Joto la Mombasa mnalijua. Mkojo ulikuwa umemkauka kabisa, zaidi ya mwaka hajaona hata tone, na kila kinachoingia mwilini kilikaa humohumo kikimjaa kifuani. Tulizaliwa watano, tumebaki wawili. Baba hayupo, mama hayupo, shangazi yetu aliyetulea amepita miaka sabini. Aliyebaki wa kutoa figo ni mimi tu, na mimi ndiye huyo nimeambiwa sifai.

Nilipokuwa nafunga buibui langu niondoke, nilimrushia daktari swali. Lilikuwa la ukorofi tu, halikutoka kwenye elimu yoyote. Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na minne katika bohari la samaki upande wa Makupa, kwenye meza za kukata, na kule ndani kwenye chumba cha baridi kulikuwa na wanaume wa kupanga makreti. Wote wembamba. Wanakula sahani za wali zilizofura kama kichuguu na hawanenepi.

"Kwa nini?" nikamuuliza. "Au na wao ni wagonjwa?"

Akacheka, akanirudisha kitini. Akaniambia kwamba mwilini kuna mafuta ya aina mbili. Yako meupe, haya tunayoyabeba tumboni na mapajani, kazi yake ni kuweka akiba. Na yako mengine machache, rangi yake kama kahawa yenye maziwa, ambayo kazi yake ni kuungua. Ngozi ikihisi baridi, ubongo huyapelekea habari, nayo huchukua sukari na mafuta yaliyomo kwenye damu na kuyachoma ili mwili upate joto. Mtoto mchanga huzaliwa nayo mgongoni na shingoni, kwa sababu mtoto mchanga hajui kutetemeka. Mtu mzima hubakiwa na kidogo, hapa, akanionyesha juu ya mfupa wa bega karibu na shingo, na baridi ya kila siku huweza kuyaamsha.

Alipotaja mtoto mchanga mawazo yangu yalirudi nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja ndugu yangu alipozaliwa. Ilikuwa masika, paa letu lilivuja, na mama alikuwa amelala na homa ambayo haikumwacha tena. Mimi ndiye niliyempakata mtoto. Nyayo zake zilikuwa baridi kama bomba la maji, lakini nikipitisha mkono katikati ya mabega yake napo palikuwa moto, moto hasa, mpaka nikamwita shangazi nikidhani naye ana homa. Shangazi akasema wachanga wote huwa hivyo. Wiki mbili baadaye mama akafa, ndani ya arubaini yake, na yule mtoto nikawa naye ubavuni mwangu miaka mitatu, akinikojolea kanga moja baada ya nyingine.

"Lakini sikiliza, mama," daktari aliendelea, "baridi peke yake ni msaada mdogo. Chakula na kutembea ndiyo kazi kubwa. Tena baridi huleta njaa, kwa hivyo uwe macho."

Maneno haya niliyasikia kwa sikio la adabu. Mimi nilishachukua nusu niliyoipenda na roho yangu ilikuwa imefika Makupa.

Asubuhi iliyofuata nilimwendea mkubwa wa bohari. Ni Mwarabu wa Mji wa Kale, babu yake na babu yangu wameswali msikiti mmoja, kwa hivyo hawezi kunifukuza bila kunisalimia kwanza. Nikamwambia nataka kuingia chumba cha baridi.

"Mama yangu, huko ndani kuna vijana na wanalia," alisema.

"Na hao vijana wana figo ya kumpa ndugu yangu?"

Alinitazama, akavuta punje tatu nne za tasbihi yake, akasema niingie, lakini nikianguka asilaumiwe.

Chumba chenyewe ni ukumbi mrefu usio na dirisha, una baridi ya friji ya nyumbani, na mwisho wake kuna mlango mzito wa kwenda kwenye barafu kali ambako hatukai zaidi ya dakika chache. Aliyekuwa kiongozi humo ni bwana mmoja wa Kaloleni, Mkristo, mkimya, mwenye shingo nyembamba na mikono ya kamba, aliyekuwa amekaa humo miaka ishirini. Alivaa fulana na sweta moja jembamba, basi. Mimi niliingia na jaketi tatu za mtumba zilizoshonwa kwa ajili ya watu wa theluji, buibui juu yake, na kanga mbili kichwani. Nilikuwa siwezi kushusha mikono.

"Dadangu," alisema, "karibu. Usikae chini, usiloe jasho, na soksi zikiloa utoke. Mengine utayajua."

Niliyajua upesi. Siku za kwanza, ijapokuwa nilijifunika vile, nilitetemeka kila nilipotoka na kuingia, meno yakigongana, mpaka kreti la kamba likanicheza mikononi. Jioni njaa iliyonishika haikuwa njaa ninayoijua. Nilipita Majengo nikanunua ndizi za kula njiani, na kabla sijafika soko la Marikiti zimekwisha.

Sasa nikueleze habari ya shangazi, maana vita vyangu vikubwa vilikuwa na yeye, si na baridi.

Shangazi anaamini, kama walivyoamini waliomtangulia, kwamba mwili una moto na baridi na afya ni mizani ya hivyo viwili. Dafu ni baridi, tango ni baridi, tende ni moto, asali ni moto, samli ni moto, na pilipilimanga ni moto kuliko vyote. Mzazi akijifungua mwili wake huwa wazi, baridi huweza kumwingia, basi siku arubaini hulishwa vya moto na kufungwa mkaja tumboni. Mama yangu, kwa maelezo ya shangazi, alikataa uji wa pilipilimanga siku ya tisa na akaoga maji baridi. Daktari wa wakati ule alisema ni sumu ya damu. Shangazi hajawahi kumsamehe daktari huyo kwa kusema vile.

Nilipomweleza mpango wangu hakupiga kelele. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na chupa ya samli.

"Hii hapa mezani yamiminika?"

"Yamiminika."

"Na nikiitia ndani ya friji?"

"Yaganda, shangazi."

"Basi na yako yataganda," akasema, akaketi. "Wenda kwenye barafu kuyayusha mafuta! Nani alokuroga kitwa?"

Mpaka leo nikiwasimulia watu habari hii, hapo kwenye samli huona wote wanamuunga mkono yeye.

Aliposhindwa kunizuia alichukua njia ya pili. Kila jioni nikirudi nilimkuta amenisubiri na sufuria ya uji wa pilipilimanga uliotiwa samli na sukari guru. Baada ya uji, kuku wa mchuzi mzito. Baada ya kuku, tende na kipande cha halua cha kufukuzia baridi iliyobaki mifupani. Akanifunga mkaja. Akaniwekea chetezo chini ya kiti nikafukizwa ubani. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mume sina, nikalelewa kama mzazi wa juzi, na majirani wakipita dirishani wakiuliza kwa mzaha mtoto ni wa kiume au wa kike.

Na mimi nilikula. Nisiseme uongo, nilikula kwa raha. Kwanza nilikuwa na ile njaa, pili niliona nina haki. Nilijiambia mafuta yangu ya rangi ya kahawa yanachoma kila kitu, kama tanuri, hata likitiwa kuni mbichi. Nilizunguka mtaani nikiwafundisha wenzangu. Fundi wa nguo mmoja wa Majengo niliyempa somo hilo alianza kulala na pangaboi na kitambaa cha maji shingoni, akaambulia mafua.

Baada ya miezi miwili nilipanda mizani ya daktari nikiwa na tabasamu. Nilikuwa nimeongeza kilo tatu.

Daktari aliniomba nimwambie ninakula nini. Nikamwambia. Nilipofika kwenye halua alivua miwani.

"Nilikuambia baridi huleta njaa."

"Uliniambia."

"Na huko ndani unavaa nini?"

Nikamhesabia zile jaketi. Akaniangalia kwa huruma, na huruma yake ilinichoma kuliko ukali. "Mama, ngozi yako haijaonja baridi ya kutosha hata siku moja. Mwili haujui kama uko huko."

Nilitoka pale nikaenda chumba cha mashine. Ndugu yangu alikuwa kitandani, mirija miwili mkononi, damu yake ikizunguka nje ya mwili wake. Mdomoni alikuwa na kipande cha barafu. Hiyo ndiyo ilikuwa hila yake ya kiu: kipande kimoja, anakinyonya polepole mpaka kiishe, kwa sababu barafu hukaa mdomoni muda mrefu kuliko funda la maji. Aliniona uso wangu akajua.

"Wata, dada," alisema, akinitaka niache. "Mimi nishazoea. Usijitese."

Alisema vizuri, kwa upole, kama anayenifariji mimi. Nilisimama pale nikajichukia. Miezi miwili katika sita nilikuwa nimeila kwa kijiko, na huyu hapa ananyonya barafu ananiambia nisijitese. Sikulia mbele yake. Nililia kwenye ngazi, kisha nikapangusa uso, nikarudi nyumbani kwa miguu kutoka hospitali mpaka Mji wa Kale, na hiyo ndiyo siku nilipoanza kutembea.

Shangazi alikuwa tayari na uji.

"Leo sinywi, shangazi," nikasema.

Hakuelewa. Akausogeza. Nikausogeza mbali. Katika nyumba yetu chakula cha shangazi hakikataliwi, hata ukiwa umeshiba unaonja. Nikamwambia nimeongeza kilo tatu. Nikamwambia kila bakuli la uji huu latuweka mbali na figo. Nilisema kwa sauti ya juu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele yake, na najua nilivuka mipaka.

Shangazi alilishika bakuli kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Mamako pia alinambia hivyo. Siku ya tisa. Sinywi, wifi." Machozi yakamtoka. "Nlimuwata. Nkamwambia haya, kama hutaki. Mato yangu yalimuona akifa."

Ndipo nikajua kwamba muda wote ule hakuwa akinilisha mimi. Alikuwa akimlisha mama, miaka arubaini, bakuli lile lile alilokataa. Hasira yangu yote ikaniishia. Sikuweza kumwambia daktari wa zamani alikuwa na haki, wala kumfundisha habari za sumu ya damu. Nikamwambia tu, "Kesho twende kazini kwangu. Ndoo uone."

Mkubwa wa bohari alipomwona shangazi akishuka kwenye tuktuk na fimbo yake aliinuka mwenyewe kumpokea, wakasabahiana na kuulizana habari za watu waliokufa zamani. Tukampa jaketi zangu mbili. Mimi nilivaa sweta moja jembamba kama la yule bwana wa Kaloleni, na kitambaa kimoja kichwani, na bwana huyo akamwekea shangazi kiti karibu na mlango.

"Kaa hapa, mama," alimwambia. "Ukichoka piga fimbo mlangoni."

Nikaanza kazi. Makreti ya kolekole, makreti ya changu, kuinua, kupanga, kurudi. Baridi iliniuma mara moja, safari hii kweli, kwenye mikono, shingo na kifua, na nilitetemeka vilivyo mpaka mwili ukapata moto wa kazi. Baada ya nusu saa nilimwendea shangazi. Alikuwa amejikunyata, pua imemlowa, vidole vimemganda. Nikachukua mkono wake, nikaupitisha shingoni mwangu chini ya kitambaa, nikauweka juu ya mfupa wa bega, pale daktari aliponionyesha.

Mkono ulikaa pale. Akaugeuza, akajaribu upande wa pili. Kisha akanishika vidole vyangu, vilikuwa baridi kama samaki niliowashika, akarudi tena shingoni.

"Pachoma," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Vidole baridi, hapa moto. Kama kile kitoto." Akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. "Wakumbuka? Uliniita ukinambia kina homa."

"Nakumbuka."

"Hakikuwa na homa."

"Hakikuwa nayo. Na mimi sina. Baridi hainiingii, shangazi. Moto uko ndani."

Yule bwana wa Kaloleni alijifanya anapanga kreti lililokwisha kupangwa. Halafu shangazi akaipiga fimbo yake mlangoni mara moja, kwa nguvu, tukatoka.

Mwenye kumjua shangazi yangu atakwambia hana mapenzi ya nusu wala vita vya nusu. Tangu siku ile aligeuka. Sukari guru ilitoka nyumbani siku hiyo hiyo. Halua aligawa kwa majirani. Muuza mahamri wa pembeni alionywa kwamba akiniuzia hata moja atalaaniwa hadharani, na maskini akawa akiniona anafunika karai. Nililetewa mchicha, kunde bila tui, samaki wa kuchoma, ndimu, na kipande kimoja cha mkate wa mofa ambacho alikikata mwenyewe. Kila alfajiri baada ya swala alinifungulia mlango nitembee kwa miguu, Marikiti wakiwa ndiyo wanashusha mizigo, nipite Majengo, mpaka Makupa. Mahamali wa Marikiti walinizoea. Mmoja alinipa jina la utani ambalo sitaliandika, lakini lilihusu lori.

Sikupendezwa na njaa. Wapo watu wakipungua husimulia kama waliona nuru. Mimi niliona biriani, hata ndani ya sala. Lakini chumba cha baridi kilibadilika. Wiki baada ya wiki nilitetemeka kidogo zaidi, mwisho nikawa naingia asubuhi na sweta langu, baridi inanigusa ngozi, nami nasubiri, na kile kijoto kinakuja chenyewe shingoni, kinashuka. Sitaki kutia chumvi, sijui kilikuwa kinachoma kiasi gani. Daktari aliniambia kwa mizani ni kidogo, ila sukari kwenye damu hufaidika. Kwangu mimi kilikuwa kikubwa kwa sababu nilikisikia. Mwili ule niliokuwa nimeambiwa haufai, kumbe ulikuwa ukinifanyia kazi.

Mwezi wa nne bangili zangu za dhahabu zilianza kuteleza, nikazifunga kwa uzi. Mwezi wa tano fundi wa Majengo, yule wa mafua, alinipunguzia mabuibui yote. Na hapo ndipo wanawake wa mtaa wakaanza kuja kunipa pole. Kwetu mtu hakondi bure. Mmoja aliniletea Yasini nisomewe. Mwingine alimvuta shangazi pembeni akamuuliza kama nami nimeshikwa na figo, na shangazi akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini, "Yuwapungua kwa kutaka kwake! Na wewe wangojani?"

Siku ya miezi sita nilipanda mizani bila tabasamu, nimejifunza. Wakanitoa damu, wakanipima na mashine zao, nikangoja siku tatu ambazo sikulala vyema. Daktari aliponiita alikuwa ameshika karatasi, na yeye ndiye aliyekuwa akitabasamu.

"Sukari imerudi mahali pake. Uzito unakubalika. Mama, unafaa."

"Sema tena," nikamwambia.

"Unafaa."

Nilimwambia aseme mara ya tatu kwa ajili ya shangazi aliyekuwa nje kwenye benchi. Akafungua mlango akamwambia, na shangazi akamwita daktari mwanangu, akamwombea mume mwema pale pale kwenye ukumbi wa wagonjwa.

Ndugu yangu ndiye aliyekuwa mgumu. Aliogopa kwa ajili yangu, akanikumbusha kwamba nitabaki na moja. Nikamwambia watu wazima walisema ndugu ni kufaana, si kufanana, na kwa bahati sisi hata kufanana tunafanana, kwa hivyo anyamaze. Akanyamaza.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi. Muuguzi alinitandikia shuka nyembamba, akaniomba radhi, akasema wengi hulalamika na ataniletea blanketi. Nilicheka mpaka daktari wa usingizi akageuka. "Baridi gani hii, mwanangu?" nikamwambia. Nililala pale nimeifunua shingo, mikono imelegea, sitetemeki hata kidogo, wao wote wamevaa mikono mirefu.

Nilipozinduka upande wangu mmoja uliwaka kama nimepigwa mkuki. Sikujua saa wala siku. Nilichosikia kwanza ni kigelegele.

Hakuna mtu apigaye kigelegele katika wodi ile. Muuguzi alikuwa akisema, "Mama, tafadhali, mama," na shangazi akapiga cha pili, kirefu kuliko cha kwanza, sauti ya harusi kabisa. Akaja kitandani kwangu akijikokota na fimbo, akaniinamia, uso wote umelowa.

"Yuwakojoa," akasema. "Nimeuona mfuko mwenyewe. Wajaa, mwanangu! Wajaa, wamwagwa, wajaa tena!"

Nilitaka kucheka, mshono ukanikataza. Nilifumba macho, na kilichonijia ni kanga. Kanga zangu zote za utotoni, zilizoanikwa uani, zilizonuka mkojo wa mtoto yule hata zikifuliwa mara ngapi, na mimi nikimlaumu kila siku. Nilimwomba shangazi apige kingine. Akapiga.

Siku ya tatu walinikalisha. Ndugu yangu aliletwa kwa kiti cha magurudumu, ana bilauri ya maji mkononi, bilauri nzima, imejaa. Akanywa mbele yangu yote bila kupumzika, akaniomba aongezwe. Alipangusa mdomo kwa mkono kama alivyokuwa akifanya utotoni.

Shangazi alikuwa amebeba kikapu. Akatoa chupa ya chai, akafungua kifuniko, na harufu ya pilipilimanga na samli ikajaa wodi nzima. Akamimina kwenye bakuli lile la nyumbani, akalishika kwa mikono miwili, asilisogeze kwangu wala asilirudishe. Daktari alikuwa amesimama mlangoni na karatasi zake. Nilimtazama. Akaangalia dirishani.

Nilipokea bakuli, nikanywa uji wote.